Waliovaa Kitua

Shafii alianza kukosa pumzi wakati Dokta Nakiete Mshana anaeleza maana ya huruma.

Ilikuwa semina ya asubuhi ya mwaka wa tatu, katika Idara ya Masomo ya Ubudha ya Chuo Kikuu cha Shengena, juu kabisa ya milima ya Upare, ambako ukungu huingia madarasani bila kubisha hodi. Nakiete alikuwa amewapa wanafunzi mgongo. Aliandika kwa kidole kwenye ukuta wa kioo neno karuna, la Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha, na chini yake akaanza kuandika tafsiri aliyoizoea: moyo kutikisika kwa maumivu ya mwingine. Nyuma yake akasikia mluzi mwembamba. Akadhani ni upepo, akaendelea kuandika. Mluzi ukakatika, ukarudi, na safari hii ulikuwa na sauti ya kifua ndani yake.

Alipogeuka alimwona Shafii Mkiramweni ameing'ang'ania meza kwa mikono yote, mabega yamepanda hadi masikioni, midomo imeanza kuwa ya kijivu. Darasa zima lilijua kwamba Shafii ana pumu. Darasa zima lilijua pia kwamba dawa yake ya kuvuta hukaa kwenye mfuko wa mbele wa begi lake, na begi lenyewe lilikuwa limeegemea mguu wa Leokadia Tesha, msichana aliyekaa jirani naye. Leokadia alikuwa anamtazama Shafii. Wote walikuwa wanamtazama. Nyuso zao zilikuwa tulivu, za upole kabisa, kama za watu wanaoangalia mvua kutoka ndani ya nyumba.

Hakuna aliyeinuka.

Nakiete hakumbuki alivyofika. Anakumbuka zipu iliyogoma, na kichwa cha kijana kilivyokuwa kizito mkononi mwake, na sauti yake mwenyewe ikisema, "Vuta, baba, vuta, tena." Dawa iliingia. Baada ya muda uliomwonekea mrefu mno, kifua kikafunguka kidogo, kisha kikafunguka zaidi. Wahudumu wa zahanati ya chuo walipofika na machela, Shafii alikuwa anaweza kutikisa kichwa akiulizwa swali.

Wanafunzi walisimama kwa adabu kuipisha machela. Kisha wakakaa, wakamngojea mwalimu aendelee.

Nyuma ya sikio la kila mmoja wao, chini kidogo ya mfupa, kulikuwa na kidude cha mviringo kilichonata kwenye ngozi, kidogo kuliko kifungo cha shati. Shafii pekee hakuwa nacho, kwa sababu daktari wake alimkataza. Na Nakiete, ambaye kwa kawaida naye alikivaa, alikuwa amekivua juzi yake kwa sababu ya vipele. Alijipapasa pale nyuma ya sikio, palipokuwa bado panamwasha. Isingekuwa vipele, angemaliza kuandika ile sentensi.

*

Kidude hicho kilipewa jina la Kitua, kwa maana ya kitu cha kumsaidia mtu kuutua mzigo. Nakiete ndiye aliyekipa jina hilo, na wazo lenyewe lilikuwa limetoka kwenye tasnifu yake.

Huko aliandika juu ya mnyororo ambao Mabudha wameufundisha tangu zamani. Kitu kinamgusa mtu. Mguso unazaa hisia, tamu au chungu. Hisia inazaa kiu. Kiu inazaa kung'ang'ania, na katika kung'ang'ania ndimo mateso yanamolelewa. Nakiete alidai kwamba kati ya hisia na kiu kuna upenyo, na kwamba mtawa aliyekaa miaka mingi katika tafakuri hujifunza kusimama pale kwenye upenyo bila kusukumwa. Tasnifu ilikaa maktaba bila kusomwa na mtu, mpaka siku mhandisi wa neva aitwaye Yusto Kihwelo alipogonga mlango wake akauliza, "Dokta, huo upenyo ukitokea, ubongo unafanya nini?"

Walifanya kazi pamoja kwa miaka. Kitua kilichotokana nayo kiliusikiliza ubongo, na kila kilipohisi wazo linataka kunasa, kilituma mshtuko hafifu sana kulinasua. Mvaaji hakuhisi chochote. Aliona tu kwamba jambo lililokuwa likimla usiku kucha limepita, kama gari linavyopita barabarani. Wanafunzi walikivaa ili waionje kwa nafsi zao ile hali waliyokuwa wakiisoma vitabuni. Kisha mlima wa Mhezeni ukaporomoka katika mvua za masika na kufukia kijiji, na kamati ya maadili ikaruhusu Kitua kitumike kwa waliofiwa, waliohifadhiwa katika Nyumba ya Faraja.

Mmoja wao alikuwa Namkunda, mdogo wake Nakiete, tumbo moja. Siku ile Namkunda alikuwa ameteremka Same kununua sare za shule. Aliporudi, hapakuwa na nyumba, wala mume, wala watoto wake wawili. Mara mbili alitaka kujiua, na mara ya pili alikuwa karibu kufanikiwa. Baada ya hapo Nakiete alimbandika Kitua kwa mkono wake mwenyewe, na kesho yake mdogo wake akaomba uji.

*

Leokadia alikuja ofisini mchana bila kuitwa. Alikaa, akaweka mikono mapajani.

"Mwalimu, nimeona ni vizuri tuzungumze kuhusu Shafii."

"Ulimwona tangu anaanza?"

"Nilimwona."

"Ulijua ni nini?"

"Nilijua. Nilijua na dawa iko wapi. Ilikuwa hapa," akaonyesha pembeni mwa mguu wake. Alifikiri kidogo. "Nilisubiri kitu cha kuniinua, Mwalimu. Hakikuja."

Aliyasema hayo bila aibu na bila kiburi. Nakiete alimtazama. Alimfahamu msichana huyu tangu mwaka wa kwanza, alipokuwa analia hadharani mtu akisimulia habari ya mbwa aliyegongwa na gari, na wenzake wakimcheka.

"Kivue," alisema. "Kwa siku moja tu. Kisha rudi."

"Sawa," Leokadia alisema. Alikibandua palepale, akakiweka mezani, akaaga. Alifika mlangoni. Akasimama, mkono kwenye kitasa, na mabega yake yakaanza kutetemeka. Nakiete alimwahi kabla hajakaa sakafuni.

*

Maabara ya Kihwelo ilikuwa ng'ambo ya bustani. Mhandisi mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, ambaye alikuwa na tabia ya kusafisha miwani akitaka kuchelewesha jibu. Nakiete alipomaliza kusimulia, aliisafisha kwa muda mrefu.

"Nilikuwa na wasiwasi na jambo hilo," alisema mwishowe.

Aliuwasha ukuta. Picha ya ubongo ikajitokeza, na ndani yake mkondo wa mwanga uliotoka katikati ukipanda kwenda mbele.

"Hii ndiyo njia ya kung'ang'ania. Mtu anamkumbuka marehemu, mwanga unapita hapa, unazunguka, hautoki. Kitua kinaukata kabla haujazunguka. Sasa tazama hii. Huyu anaangalia mtoto wa mtu baki akianguka." Mkondo wa pili ukawaka. Ulipita palepale. "Nilidhani ni njia mbili zilizokaribiana. Nimetafuta mahali zinapoachana mwaka mzima. Hazipo mbili, Dokta. Ni njia moja."

Nakiete alikaa kwenye kiti cha maabara. Tangu aanze kufundisha, kila muhula huwaambia wanafunzi kwamba kila sifa njema ina adui wa mbali na adui wa karibu. Adui wa mbali unamjua, kwa kuwa hafanani nayo. Wa karibu huingia mpaka chumbani kwa sababu anafanana nayo sura. Adui wa karibu wa utulivu ni kutojali. Alikuwa ameiweka hata kwenye mtihani.

"Ijumaa kamati inaamua kuhusu wauguzi," alisema.

"Najua." Ombi lilikuwa kwamba wauguzi wa mkoa mzima wapewe Kitua, wapate kuhimili kazi. "Ukieleza haya hawatapewa. Lakini kibali chetu ni kimoja, Dokta. Yakithibitika madhara, vinazimwa vyote siku hiyohiyo. Hata vya Nyumba ya Faraja. Hata cha mdogo wako."

"Huwezi kuwatenga?"

"Sheria haitengi." Akavaa miwani yake. "Mimi nitakwambia ninavyofikiri, halafu utanichukia ukitaka. Pale Nyumba ya Faraja kuna watu ambao leo wasingekuwa hai. Shafii amepona. Kama ni kupima, mimi najua mzani unalalia wapi."

Nakiete hakumchukia. Hilo ndilo lililomsumbua alipokuwa anarudi ofisini: kwamba kila alichosema Kihwelo kilikuwa kweli.

*

Nyumba ya Faraja ilijengwa kwenye mteremko unaotazama mashamba ya tangawizi. Namkunda alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anamenya tangawizi kwa ajili ya kuanika. Alikuwa amenenepa kidogo siku hizi. Ngozi yake ilikuwa na afya.

"Shikamoo, dada. Mbona katikati ya wiki?"

"Marahaba. Nimekuja tuongee."

Nakiete alimweleza yote bila kuficha: Shafii, Leokadia, njia moja isiyogawanyika, Ijumaa. Namkunda alisikiliza huku akimenya. Ilipofika habari ya Shafii kugeuka rangi, alisema, "Pole yake," akachukua tangawizi nyingine.

"Nikisema, watakizima chako," Nakiete alisema. Hakuwa amekusudia kulia. Alilia mbele ya mdogo wake kwa muda mrefu, na mdogo wake alimtazama kwa upole uleule wa darasani, asiweke kisu chini.

Machozi yalipokwisha, Nakiete aliuliza, "Unataka nifanyeje?"

"Usiniulize mimi nikiwa nimekivaa," Namkunda alisema. "Nikiwa hivi, kila jibu ni sawa kwangu. Ukisema kizimwe, sawa. Kibaki, sawa. Hilo si jibu. Niulize nikiwa nimekivua."

"Sikuombi ukivue."

"Najua hukuniomba." Aliweka kisu pembeni, akafuta mikono kwa kanga, akapeleka kidole nyuma ya sikio. "Nishike."

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Namkunda alitazama mashamba, akapepesa macho, kama mtu aliyetoka kwenye chumba chenye giza. Kisha akavuta pumzi na haikushuka. Akasema, "Dada." Akasema tena, "Dada, mwanangu Mbonea alikuwa na homa asubuhi ile. Nilimwacha na homa." Na baada ya hapo hayakuwa maneno tena.

Nakiete alimshika. Walianguka wote wawili kwenye maganda ya tangawizi. Wakazi wengine wa nyumba walitoka mlangoni, wakaangalia, wakarudi ndani taratibu. Nakiete alifundisha habari za mateso tangu ujana wake, aliweza kuyagawa kwa aina na kuyataja kwa lugha ambayo hakuna aizungumzaye tena; wakati huu alichoweza kufanya ni kukaza mikono ili mdogo wake asijipige kichwa chini. Mara kadhaa Namkunda aliomba arudishiwe. Mara kadhaa Nakiete alikiinua, na Namkunda akaukamata mkono wake akausukuma kando.

Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa ua aliponyamaza. Alilala ameegemea paja la dada yake, macho mekundu, kamasi hazijafutwa.

"Yule mtoto," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Aliyekosa pumzi."

"Shafii."

"Mama yake ameambiwa?"

Nakiete alishtuka. Yeye mwenyewe hakuwa amefikiria. "Sijui."

"Yuko wapi huyo mama?"

"Nadhani Mwanga."

"Mpigieni simu. Asije akayasikia kwa watu." Namkunda akaziba uso kwa viganja. "Masikini mama wa watu. Amepeleka mtoto shule, mtoto amekaa katikati ya wenzake."

Akaanza kulia upya, na Nakiete akatambua kwamba safari hii halilii la kwake.

"Sema," Namkunda alisema ndani ya viganja. "Nenda ukaseme Ijumaa. Lakini wakizima vyote siku moja, watu wa nyumba hii watakufa, dada. Mimi nitakufa. Haya niliyoyapata leo nimeyapata nikiwa nimeshikwa. Nani atamshika Mzee Sefue? Nani atamshika yule wa chumba cha mwisho, asiye na ndugu hata mmoja? Usiende kusema halafu ukatuacha."

Nakiete akakirudisha Kitua mahali pake kwa mkono wake, kama mara ya kwanza. Pumzi ya Namkunda ikatulia. Alijikung'uta maganda, akakaa kwenye kigoda chake.

"Sasa hivi sioni kwa nini useme," alisema baada ya muda. "Ila nakumbuka kwamba nilikwambia useme. Basi fuata ile."

*

Kamati ya maadili ilikutana kwenye ukumbi mdogo wa utawala. Mwenyekiti, Profesa Mbazi, alikuwa mwanamke mzee wa sheria asiyependa maelezo marefu. Nakiete alieleza yaliyotokea darasani, akaeleza maana yake, akasema kwamba wazo la Kitua lilitoka kwake na kosa lake lilitoka kwake vilevile.

"Nilichukua kipande kimoja cha mafundisho nikadhani nimechukua yote," alisema. "Wale watawa wanapojifunza kuachilia, hujifunza katikati ya watu. Mwingine anapika, mwingine anauguza, mwingine anasikiliza. Kuachilia kwao kunakua pamoja na kujali. Sisi tumewapa watu nusu ya kwanza ndani ya kifungo, na hiyo nyingine tumeizima."

Kihwelo aliomba nafasi. Alisema kwamba hakubaliani na mwenzake kuhusu mzani, na kwamba angali anaamini Kitua kimeokoa watu wengi. Kisha akasema kuwa, pamoja na hayo, kila alichosema Dokta Mshana ni sahihi kitaalamu, na kwamba yeye anaweza kuvipunguza nguvu vilivyopo kidogo kidogo badala ya kuvizima. Nakiete alimwangalia. Mhandisi alikuwa anasafisha miwani.

"Sheria inasema vizimwe," mwenyekiti alisema. "Haisemi kwa kasi gani. Nani atakaa na hawa watu wakati mnavipunguza? Hatuna wanasaikolojia hata wa kutosheleza chuo."

"Idara yangu," Nakiete alijibu. "Muhula ujao hatutafundisha darasani. Semina zote zitafanyika Nyumba ya Faraja. Wanafunzi wote wameshavua."

"Watapata alama za nini?"

"Sijafika huko, Profesa."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, mwenyekiti akakaribia kutabasamu. Ombi la wauguzi likakataliwa. La Nyumba ya Faraja likaridhiwa, kwa masharti.

*

Haikuwa kazi ya kusimulia kwa maneno mazuri. Mzee Sefue, aliyempoteza mke, alimtupia Leokadia kikombe cha chai, akamwambia arudi kwao. Leokadia aliokota vigae, akalia jikoni, akarudi na kikombe kingine. Shafii aliomba apangiwe chumba cha mwisho, kwa yule asiye na ndugu, na wakawa wanakaa kimya pamoja, mmoja na pumu yake na mwenzake na msiba wake. Wanafunzi wawili waliacha masomo wakaenda idara ya biashara. Mwanamke mmoja alitoroka usiku, wakamkuta akiwa hai kule Mhezeni, anachimba udongo kwa mikono. Nakiete alikaa naye mpaka kulipokucha, na hakuna somo lolote alilowahi kusoma lililomfaa, isipokuwa kukaa.

Kihwelo alikuja kila wiki na kisanduku chake, akashusha nguvu ya kila kidude kwa kiasi kisichoonekana. Alisalimia kila mtu kwa jina. Nakiete alimwona mara moja nyuma ya jiko, amesimama peke yake, ameinamisha kichwa, miwani mkononi na haisafishi.

Siku Kitua cha Namkunda kilipozimwa kabisa, ukungu ulikuwa mzito na mashamba hayaonekani. Nakiete alikuwa amepika makande tangu alfajiri. Namkunda alikaa upande wa pili wa meza bila kugusa sahani. Alikuwa amekonda tena. Usiku alikuwa amelia, na asubuhi alikuwa amevunja kioo cha bafuni kwa ngumi, na kitambaa alichofungwa kilikuwa na damu.

"Ulinitoa mahali pazuri," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi ndiye niliyekwambia useme. Najua. Lakini wewe ndiye uliyekileta, ukanivisha, ukanionjesha, halafu ukakitoa. Hata nikifa mzee, hilo litabaki."

Kijiko cha Nakiete kilikuwa kimesimama ndani ya makande.

"Sijakusamehe, dada."

"Najua."

Nakiete alidhani anafukuzwa. Alisukuma kiti nyuma, akachukua kanga yake, akasimama.

"Unakwenda wapi?" Namkunda aliuliza. Aliivuta sahani, akachota kidogo, akatafuna kwa shida huku machozi yanashuka. "Sijasema uondoke. Kaa."

Nakiete akakaa.